Massey Ferguson 135 ya mkono wa pili: tafuta hitilafu nje kabla ya kufungua injini

Trekta ya Massey Ferguson 135 ilianza kuuzwa 1964 na ikaendelea kutengenezwa Uingereza hadi katikati ya miaka ya sabini. Hadi leo inalima mashamba ya Njoro, Moi's Bridge na Kitale, na inavuta trela za miwa upande wa Muhoroni na Chemelil. Ikifika kwa mwenyewe mpya, kwa kawaida haiji na shida moja. Huja na nne au tano zilizopandana, na fundi wa kwanza kuitwa husikiliza dakika mbili kisha anataja ovahoo, yaani kufungua injini yote. Usikubali haraka. Sehemu kubwa ya matatizo ya trekta iliyokaa au iliyopita mikono mingi iko nje ya injini: uchafu wa tangi, hewa kwenye paipu za mafuta, waya mbovu wa ethi (unaounganisha betri na chuma cha trekta), oili ambayo si yake. Hizo zote hupimwa kwa spana chache na saa chache.

Maelezo haya ni ya 135 yenye injini ya dizeli ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5. Mwenye 165 ya Perkins silinda nne atatumia karibu yote. Mwenye Ford 5000 afuate sehemu ya mafuta, umeme na joto kwa kanuni tu, lakini sehemu ya haidroliki haimhusu, kwa sababu mfumo wake ni tofauti.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza

Chomoa dipstiki ya injini, uifute, uirudishe, uichomoe tena. Oili ikiwa imepita alama ya juu, inuse. Ikinuka dizeli na kuteleza kama maji kwenye vidole, usiwashe. Dizeli imeingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa njia mbili zinazojulikana: kiwambo cha lifti pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini) kimepasuka, au sili ya shafti ya pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozeli) imekufa na dizeli inapitia kwenye kesi ya taimingi. Oili iliyopunguzwa nguvu hivyo humaliza beringi za krankshafti kwa muda mfupi. Anza na lifti pampu kwa sababu ndiyo rahisi. Ifungue, uangalie kiwambo kwa mwanga.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye injini hiyo ni habari mbaya: hedi gasketi, au ufa. Kwenye gia boksi ni jambo la kawaida zaidi, maana maji ya mvua huteremka kupitia mipira iliyochanika ya mikono ya gia. Trekta iliyofanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero au kulala nje mvua nzima ya masika ichunguzwe hapa bila kukosa. Iache isimame usiku kucha, kisha asubuhi legeza kiziba cha chini polepole bila kukitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwapo yatatoka yenyewe kwanza.

Halafu geuza injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Inafaa izunguke mizunguko miwili kamili bila kugonga mahali. Ikigoma kabisa, usiilazimishe kwa staata wala kwa kuvutwa na gari lingine.

Ingawa si kazi ya spana, linganisha pia namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye logbook. Injini za 135 zimebadilishwa sana kwa miaka hii yote, na ukienda kununua gasketi au ringi kwa jina la trekta badala ya namba ya injini iliyomo, utarudi dukani.

Staata haizunguki, au inazunguka kwa uvivu

Kama hakuna sauti hata kidogo ukigeuza ufunguo, angalia mkono wa Hi na Lo (wa kuchagua gia za kasi au za polepole) kabla ya kugusa waya wowote. Kwenye 135 kuna swichi ya usalama inayokata staata hadi mkono huo uwe katikati, kwenye alama ya S. Wanunuzi wengi wamenunua betri mpya kwa sababu ya mkono huu.

Staata ikizunguka polepole, pima. Betri iliyopumzika iwe karibu na volti 12.6. Wakati wa kuzungusha isishuke chini ya volti 9.6 au 10. Betri ikiwa nzuri na bado mzunguko ni mzito, weka waya mmoja wa mita kwenye terminali ya ethi ya betri na mwingine kwenye bodi ya injini, halafu mwenzako azungushe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye waya wa ethi. Fungua pale unapokaa kwenye chuma, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena na upake grisi. Waya wa betri uwe mnene. Waya wa gari dogo hauwezi kazi hii hata ukiwa mpya.

Tahadhari moja ya betri: baadhi ya trekta za Uingereza za miaka hiyo zilifungwa ethi upande wa chanya. Nyingi zimebadilishwa baadaye, nyingine nusunusu. Fuata waya kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi kwa macho yako kabla hujaunganisha, hasa kama alteneta imewekwa badala ya dinamo. Alteneta iliyounganishwa kinyume huungua papo hapo.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza hakikisha kivuta cha kuzima kimerudi ndani kabisa. Kebo yake hukwama kwa kutu, na trekta hubaki imezimwa bila mtu kujua.

Pili, tangi. Trekta iliyokaa ina kutu, maji na utelezi mweusi chini ya tangi. Toa kiziba, mwaga kila kitu kwenye karai safi, acha itulie, uone. Ukikuta maji au matope, usiendelee na hatua nyingine hadi tangi liwe limeoshwa. Safisha pia wavu mdogo ulio chini ya kifuniko cha lifti pampu, kisha ubadilishe filta ya dizeli. Filta moja ni bei ndogo mno ukilinganisha na pampu ya nozeli. Ukiwa unauliza bei, nunua mbili, kwa sababu ya kwanza itaziba mapema kwa uchafu uliotikiswa.

Dizeli yenyewe iwe ya kituo unachokiamini. Pampu ya nozeli ya trekta hii, ya CAV, haina oili yake. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, inaikwaruza pampu ndani, na dalili hujitokeza kwa njia ya kushangaza: injini inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, inakataa mchana ikiwa moto. Ukiona hivyo, mwagia pampu maji ya baridi polepole injini ikiwa imezimwa na kupoa kiasi, kisha jaribu. Ikiwaka, pampu imechakaa na iende kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Usimruhusu mtu aifungue chini ya mti.

Tatu, kutoa hewa. Kila ukigusa paipu au filta, hewa inaingia, na injini ya dizeli yenye hewa haishiki. Spana ya 5/16 hufungua skrubu nyingi za hewa, ya 5/8 nati za nozeli. Fuata mpangilio huu:

Jaza tangi angalau nusu. Legeza kiziba cha hewa juu ya kichwa cha filta, mizunguko miwili au mitatu. Legeza skrubu ya hewa iliyo ubavuni mwa pampu ya nozeli, na ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti kasi). Sasa piga kile kimkono cha lifti pampu. Kikiwa kilegevu na hakisukumi kitu, si lazima pampu iwe imekufa: kemu ya ndani imesimama juu. Zungusha injini mzunguko mmoja na ujaribu tena. Piga hadi dizeli itoke kwenye filta bila mapovu, funga. Endelea kupiga hadi itoke safi ubavuni mwa pampu, funga. Kisha ile ya gavana, funga. Ukifunga kinyume cha mpangilio huo utakuwa unaisukuma hewa mbele badala ya kuitoa.

Halafu legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, nusu mzunguko tu, vuta aksela hadi mwisho, na zungusha staata. Dizeli ikianza kutemwa kwa mipigo, kaza na uwashe. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya paipu au nozeli inayotema. Presha hiyo hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na aliyepatwa hivyo apelekwe hospitali hata kama tundu linaonekana dogo.

Kama hewa inarudi kila asubuhi, kuna mahali inavutwa: washa za shaba zilizotumika mara kumi, paipu yenye ufa, au mpira wa filta uliokaa vibaya. Panguza paipu zote zikauke, acha usiku, utazame asubuhi palipolowa.

Asubuhi za Molo na Timboroa zina baridi ya kutosha kuhitaji hita ya kwenye manifoldi. Shika ufunguo kwenye nafasi ya hita kwa sekunde 15 hivi kabla ya kuzungusha. Hita isipofanya kazi, watu hukimbilia kupuliza etha kwenye njia ya hewa. Hita ikiwa moto na etha ikaingia, mlipuko unaweza kuvunja ringi au pistoni. Tengeneza hita.

Kusoma moshi

Moshi mweupe unaoisha injini ikipata joto si jambo. Mweupe unaobaki na kuchoma macho ni dizeli isiyoungua: nozeli inayodondosha, taimingi iliyochelewa, au kompreshoni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ndogo. Mweupe unaoambatana na kupungua kwa maji ya rejeta ni maji yanayochemka ndani ya silinda.

Ili kujua silinda ipi ina shida, iache injini ikizunguka polepole kisha legeza nati ya nozeli moja kwa wakati. Silinda nzuri ikikatwa, mlio unabadilika na injini inayumba. Ukilegeza moja na hakuna kinachobadilika, umeipata. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani: shida ikihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, angalia vavu na ringi. Kabla ya kulaumu ringi, pima mwanya wa tapeti za vavu kwa fila geji: milimita 0.30 injini ikiwa baridi, 0.25 ikiwa moto. Tapeti zilizokazwa mno huziacha vavu zikiwa wazi kidogo, na kompreshoni inapotea kana kwamba ringi zimekwisha.

Moshi wa bluu ni oili. Kabla ya kukata tamaa, tazama kisafisha hewa cha oili. Kikijazwa kupita alama, injini huvuta oili yake. Katika hali mbaya injini huanza kukimbia yenyewe na kivuta cha kuzima hakiisaidii. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao au gunia zito, si kwa mkono.

Moshi mweusi una maana dizeli ni nyingi kuliko hewa. Osha kisafisha hewa, badilisha oili yake. Na hapa mwinuko unaingia. Injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Nakuru mjini, karibu mita 1,850, tayari imekosa zaidi ya sehemu moja kwa sita. Molo, karibu mita 2,500, inakaribia robo. Trekta iliyonunuliwa Kisumu ambayo ilikuwa inalima vizuri Kibos itaonekana mvivu Elburgon, na itatoa moshi zaidi chini ya mzigo uleule. Si hitilafu. Kosa ni kumwachia fundi akate sili ya kipimo cha dizeli kwenye pampu na kuongeza dizeli: nguvu haiji, moshi unaongezeka, na pistoni zinachemka. Punguza diski moja ya plau.

Joto

Mwinuko unagusa pia maji. Nakuru maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, Molo karibu 92. Kifuniko cha rejeta cha 135 hushikilia presha ya takriban psi 7, na presha hiyo ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko kilichobadilishwa na cha gari, au kilichofungwa kwa mpira wa tairi, ni sababu halisi ya trekta kuchemka mchana.

Baada ya kifuniko, angalia mkanda wa feni, nyasi na vumbi la mahindi kati ya mapezi ya rejeta, kisha matope ndani ya bloku. Fungua kibomba cha kutolea maji ubavuni mwa bloku. Mara nyingi hakitoki kitu hadi uchokonoe kwa waya, na hapo unajua umepata nini. Kuondoa thermostati ili "ipoe" hakusaidii. Injini hufanya kazi ikiwa baridi mno na silinda zinachakaa haraka.

Rejeta ikitoa mapovu mfululizo muda mfupi baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto, hedi gasketi inavuja.

Presha ya oili

Usiiamini geji iliyokuja na trekta. Fungua tundu lake, funga geji ya kimakanika ya kuazima, na upime injini ikiwa moto kabisa na kasi ikiwa juu. Psi 30 hadi 60 ni nzuri. Ikiwa ni 15 na oili ni mpya ya daraja sahihi, hapo sasa maneno ya ovahoo yana msingi, maana beringi zimelegea. Kuweka oili nzito sana ili geji ipande ni hila ya muuzaji. Kwa hiyo badilisha oili na filta kwanza, 15W-40 inatosha, halafu ndipo upime.

Haidroliki isiyoinua

Haidroliki ya 135 inatumia oili ileile ya gia boksi na difu, na pampu yake imezama ndani ya oili hiyo. Mambo mawili yanafuata. Oili ikipungua, haidroliki ndiyo inayolia kwanza. Na oili ikiwa nzito, pampu haivuti. Watu humimina gia oili ya 90 ili gia zisipige kelele, kisha wanashangaa mikono ya kuinua inapanda kama mtu anayepanda kilima cha Nandi na gunia. Mwaga yote kupitia viziba vyote vya chini, maana kimoja hakitoi kila kitu, na ujaze oili ya trekta ya matumizi yote ya 10W-30 hadi alama ya dipstiki. Ilikuwa na maji? Endesha nusu saa, mwaga tena, jaza tena. Kuosha kwa dizeli kunaacha dizeli ndani. Afadhali kupoteza oili ya bei nafuu.

Kabla ya kufungua chochote, jua mikono inavyofanya kazi. Klachi ya 135 nyingi ni ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, ukikanyaga hadi chini, PTO (shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine) na pampu ya haidroliki pia zinasimama. Kwa hiyo mikono isiyopanda ukiwa umekanyaga klachi si mibovu. Kwenye Ferguson ya kijivu ya TE20, iliyo mzee kuliko hii, mkono wa PTO lazima uwe umeingia ndipo haidroliki ifanye kazi. Kwenye kwadranti ya 135 kuna mikono miwili, wa drafti (hufuata nguvu ya kuvuta plau) na wa pozisheni (hupanga urefu wa kuinua). Ukitumia wa pozisheni, ule wa drafti uwe juu kabisa, la sivyo inapingana na utadhani pampu imekufa.

Sasa jaribu na mzigo, plau au mifuko ya mchanga kwenye ubao. Inua, zima injini, utazame. Mzigo ukishuka ndani ya dakika moja au mbili, oili inapita kwenye ringi za pistoni ya kuinua au kwenye oringi za paipu ya kusimama kati ya pampu na silinda. Injini ikiwa inawaka na mzigo unapanda na kushuka kidogokidogo bila kukoma, ni uvujaji uleule: vavu inarudisha kile kinachopotea. Mzigo ukipanda kwa kudunda, upande mmoja wa pampu haufanyi kazi, au vavu zake zina uchafu.

Shika pia springi kubwa ya nyuma pale mkono wa juu unapofungwa. Isukume na kuivuta kwa nguvu. Isiwe na mchezo wowote. Ikicheza, plau itapiga mbizi na kuruka shambani, na hakuna kubadilisha pampu kutakakoitibu.

Kama lazima ufungue, kifuniko chenye mikono ya kuinua hakibebwi na mtu mmoja. Tumia winchi. Na usiingie chini ya plau iliyoinuliwa kwa haidroliki pekee hata kwa sekunde, weka magogo.

Klachi, gia na breki

Trekta iliyokaa miezi hushikwa na kutu kati ya diski ya klachi na flaiwili: unakanyaga na gia bado zinasaga. Ipashe injini joto kwa nusu saa, zima, funga pedali ikiwa imekanyagwa, iache usiku. Ikikataa, nenda uwanja mpana usio na watu, iendeshe ikiwa kwenye gia ya tatu huku pedali ikiwa imekanyagwa, kisha gusa breki kwa mshtuko mara chache. Mara nyingi huachia.

Kama trekta yako ina mkono wa Multi-Power, wenye picha ya kobe na sungura, kumbuka kwamba kwenye kobe injini haikushikilii ukiteremka. Trela inakusukuma kama gia imetoka. Kwenye mteremko weka sungura na gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Breki za 135 hukaa kwenye drumu. Zikiteleza licha ya kukazwa, fungua: oili kutoka sili za shafti za nyuma imelowesha linini, na linini iliyolowa haioshwi, inabadilishwa pamoja na sili. Inua magurudumu yote mawili, kaza hadi gurudumu lishike, rudisha hadi lizunguke huru, sawa pande zote. Barabarani pedali mbili zifungwe pamoja. Breki ya upande mmoja ikiwa na trela nyuma ndiyo inayopindua.

Ukimaliza, ilimishe saa moja bila kuisukuma, isimamishe, ukaze tena nati za paipu za dizeli, viziba vya oili na boli za magurudumu, na upime oili zote tatu upya: injini, gia boksi, na ya kisafisha hewa. Kesho yake badilisha ile filta ya pili ya dizeli uliyonunua.